Mtaa Uliougua Nyongo Kavu

Watu wa mtaa ule walimsamehe Bi Shazia mambo mengi. Walimsamehe ulimi wake, walimsamehe kicheko chake kilichopenya kuta za vyumba vitatu, wakamsamehe hata siku ile alipomwambia mwenye nyumba, mbele za watu, kwamba paa lake lilikuwa na matundu mengi kuliko chekeche. Lakini parachichi hawakumsamehe.

Jina la Shazia hakupewa na mama yake. Shazia ni ile sindano ndefu ya chuma, nene kama kijiti, ya kushonea magunia, na ndiyo iliyomlisha. Alifanya kazi kwenye ghala la nafaka nyuma ya soko kuu. Alikaa juu ya rundo la magunia matupu akiziba yaliyotobolewa na panya na yaliyopasuka kwa kuburutwa, uzi wa katani ukipita kwenye vidole vilivyokwisha kuwa vigumu kama kwato. Baada ya miaka watu hawakukumbuka tena kama jina lilitokana na sindano au na maneno yake, maana vyote viwili viliingia upande huu vikatokea upande wa pili.

Mumewe alikuwa hamali katika soko hilohilo, mtu mrefu mwenye mkokoteni na maneno ya kuhesabika. Walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hakukimbia hata mvua. Walipanga chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, katika nyumba yenye ua mmoja, bomba moja na majirani wengi. Chumba cha jirani kabisa alikaa dada wa Bwana Taratibu, wifi mtu, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka nywele barazani. Msusi husikia habari kabla hazijatokea. Na wifi, kama mjuavyo, hata akiwa mwema, ana jicho lake moja ambalo halilali.

Mtaani kwao chakula hakikukosekana, ila kilikuwa cha pakiti. Duka la kona lilijaa biskuti, soda, sukari, mafuta ya kukaangia, mkate mweupe uliobonyea kama sponji, na vipakiti vya supu ya unga vyenye picha ya kuku, ingawa kuku mwenyewe hakuwahi kupita hata karibu navyo. Nyanya ikionekana pale ilikuwa imekwisha kukata tamaa. Ukitaka mboga mbichi, tunda lililoiva au samaki ambaye jicho lake bado linakutazama, uvuke barabara kuu, upande kilima, uende mpaka sokoni, na ukifika ukute wapishi wa nyumba kubwa wamekwisha kuchagua. Mtu aliyeshinda kutwa amesimama kazini hana miguu ya kupanda kilima jioni. Basi mtaa ukala biskuti, ukashushia na soda, na wapitao na magari wakatikisa vichwa wakisema maskini hawajui kula.

Bi Shazia alikuwa na bahati ya mahali. Ghala lilikuwa mgongoni mwa soko, na wachuuzi walimjua. Leo anamzibia mmoja gunia la vitunguu, kesho mwenzake anamsogezea papai lililochubuka shavu. Alichokosa kwa njia hiyo alinunua, na alinunua kwa raha. Tuseme kweli: hakuwa akila kwa sababu ya afya. Alikuwa mlafi wa vitu vizuri. Alipenda mchicha unaong'aa, maharage yaliyochemka mpaka yakalegea, na parachichi alilokata kwa kisu, akatia chumvi na ndimu, akala kwa kijiko huku amefumba macho kama mtu anayesikiliza muziki.

Hapo ndipo ilipokuwa kesi. Mlango wake ulifungwa kwa kamba, kwa sababu komeo lilikuwa limeng'oka na kila akikumbuka kununua jipya alikutana na samaki njiani. Wifi aliwauliza wateja wake, huku akiwavuta nywele, ilikuwaje mtu asiye na komeo ale parachichi. Wateja hawakuweza kutikisa vichwa kwa kuwa vilishikwa, lakini walikubali kwa midomo. Ajabu ni kwamba Bi Shazia angepita na chupa ya soda mkononi na mfuko wa biskuti, asingegeuka hata mbwa. Soda ni ya watu wa hali yao. Akipita na papai, alionekana kama amevaa kofia ya mtu mwingine.

Kwa hiyo alijifunza kuficha. Mboga ziliingia chini ya matambara, samaki alivikwa magazeti mengi kuliko maiti ya tajiri avikwavyo sanda. Siku moja alipata papai kubwa lisilofichika popote. Akalifunga mgongoni kwa kitambaa, akaliachia umbo kidogo juu, na akatembea akilitikisatikisa na kuliimbia kwa sauti ya chini. Fundi viatu wa pale kona alisimama kwa heshima akamuuliza kama huyo ni mjukuu. Bi Shazia alimjibu ndiyo, amelala, tena ana homa kidogo, asimguse. Fundi viatu akamwombea heri. Usiku ule Bwana Taratibu alipokuwa anatafuna kipande chake, mkewe alimwambia ale kwa adabu, huyo ni damu yao.

Sasa, kila mwezi mtaa ulitembelewa na Kamati ya Huruma. Hawa walikuwa akina mama wa kilimani, waliovaa sare za rangi moja na kuongozwa na Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti laini kama mto wa pamba. Walikuja na katoni za msaada na chati moja kubwa. Kwanza watu walikalishwa uani wakasomewa chati: hapa karoti, hapa samaki, hapa majani ya kijani, mwili unahitaji haya. Mwenyekiti alisema kwa uchungu kwamba tatizo kubwa la watu wa hali ya chini ni kutojua. Kisha chati ilikunjwa, katoni zikafunguliwa, na ndani mlikuwa na biskuti, sukari, sabuni na ile supu ya unga. Mpiga picha wao aliwapanga watu na kuwaomba wasitabasamu sana.

Bi Shazia alikuwa akipokea kama wengine. Sabuni alifulia, sukari alitia kwenye chai, na biskuti alizipeleka ghalani, ambako panya walizipenda. Lakini mwezi ule alichelewa. Alitoka kazini moja kwa moja, akajipenyeza kwenye foleni akiwa na mfuko wake wa bidhaa, na mfuko ukampasukia palepale. Mtu mzima, mshona magunia wa miaka, akaumbuliwa na mfuko. Maparachichi yakabingirika uani, moja likasimama kwenye kiatu cha Mwenyekiti, na nyuma yao samaki akateleza kutoka kwenye magazeti yake akalala kifudifudi mbele ya kamati nzima.

Mwenyekiti aliokota lile parachichi akaligeuza, akamwuliza Bi Shazia kama ni lake. Alijibu ni lake. Amelinunua mwenyewe? Mwenyewe. Yule mama akahema, si kwa hasira, kwa huzuni.

"Basi, mama, nadhani wewe sasa unajiweza," alisema. "Ni vizuri fungu lako tumpe mwenye shida ya kweli."

Foleni ilinyoosha shingo. Kisha nyuma, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe huku akihakikisha wote wanamsikia, wifi akasema, "Maskini akipata, matako hulia mbwata." Uani wote ukaangua kicheko.

Masikio ya Bi Shazia yaliwaka. Ulimi wake, ambao haukuwahi kumtupa, ulikauka. Alitazama samaki, akatazama parachichi mkononi mwa yule mama, akatazama wale majirani aliochanganya nao moshi wa jiko kwa miaka. Alipofungua kinywa, hata yeye hakujua nini kingetoka.

"Ni dawa," alisema.

Mwenyekiti akauliza dawa ya nini.

"Daktari ameniambia nina nyongo kavu. Bila mboga, matunda na samaki, sifiki mwisho wa mwaka."

Neno hilo alilitoa wapi, mpaka leo hajui. Lakini uso wa Mwenyekiti ulibadilika kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Alimwekea mkono begani. Alimpa pole, akampa pole tena, akasema ona jinsi anavyojikaza, hata hasemi. Alimrudishia parachichi kwa mikono miwili. Mmoja wa kamati aliinama na sare yake akaokota samaki. Bi Shazia alipewa mafungu mawili badala ya moja, na mpiga picha akampiga picha peke yake. Safari hii hakuombwa asitabasamu, maana alikuwa ameuma midomo kwa nguvu zote ili asicheke, na kwa mbali ilionekana ni maumivu.

Jioni alimsimulia mumewe kila kitu. Bwana Taratibu alisikiliza, akameza, akafikiri.

"Na mimi je?" aliuliza. "Sina ugonjwa wowote?"

"Wewe ni mzima kama kinu."

"Haya. Basi mimi nitaendelea kula kwa wizi."

Tangu siku ile Bi Shazia alipita mchana kweupe na parachichi mkononi. Watu walimpisha njia. Waliokuwa wakimsonya sasa waliuliza anaendeleaje, naye aliwajibu kwa unyonge kwamba anamshukuru Mungu, leo ameweza kumaliza nusu papai. Aliligundua jambo moja na lilimfurahisha na kumuudhi pamoja: tunda lilelile, ukilila kwa furaha wewe ni mwizi, ukilila kwa kugumia unaletewa kigoda.

Wa kwanza kuambukizwa alikuwa dobi. Huyu alikuwa mama wa chumba cha mwisho, aliyefua nguo za watu na kulea watoto huku mumewe akila kipande kikubwa cha kila kitu kilichoingia ndani. Alimjia Bi Shazia kwenye bomba, akatazama nyuma, akamwuliza kwa siri dalili za nyongo kavu ni zipi. Bi Shazia angeweza kumwambia ukweli saa ileile, na alikuwa karibu kumwambia. Lakini shetani akamtekenya ubavuni. Alisema unachoka jioni. Asubuhi unaamka na mdomo mkavu. Ukisikia watu wa upande wa mume wanagonga mlango, unapata kizunguzungu. Dobi alikaa chini kwenye ndoo yake. Alisema anaumwa tangu arusi.

Baada ya dobi ikawa fundi viatu, ambaye dalili zake zilikuwa zilezile ila kwa upande wa mke. Baada ya fundi viatu ulikuwa moto wa nyikani. Hakukuwa na mtu mtaani ambaye hakuchoka jioni. Wagonjwa walipaswa kupata dawa, na dawa ilikuwa kilimani, basi wakaanza kumwagiza Bi Shazia: fungu la mchicha, karoti, ndizi, samaki kidogo. Mfuko haukutosha. Bwana Taratibu akaombwa arudi na mkokoteni wake, na tangu hapo kila jioni ulishuka kilima umejaa majani, yeye akiuongoza nyuma kwa mwendo wake uleule, watu wakimsubiri barazani kama wasubirio matokeo ya mtihani. Wachuuzi waliofurahia kumaliza mzigo kwa pamoja waliongezea hiki na kile. Mwenye duka la kona aliona biskuti zake zinaota vumbi. Alinuna kwa muda, kisha siku moja akaweka mlangoni kikapu cha nyanya ngumu, na kipande cha boksi kilichoandikwa: NYONGO.

Ukimwacha Bwana Taratibu, aliyebaki mzima mtaani alikuwa wifi. Aliapa hajaona daktari wala cheti, na kwamba yeye huyo wifi yake anamjua, angeweza kusema mvua ni jasho la mbu. Alisema hivyo kila siku barazani. Lakini uzima una upweke wake. Asubuhi majirani waliamkiana kwa kuulizana nyongo, na yeye hakuulizwa kitu. Walipozungumza jinsi papai linavyopoza, alikosa la kuchangia. Kubwa zaidi, harufu ya samaki wa watu wote ilipitia baraza lake kila jioni, na yeye alikuwa na mkate na soda.

Alipoamua kuugua, aliugua kwa kishindo. Alitangaza kwamba nyongo kavu ni maradhi ya ukoo wao, yametoka kwa babu yao mzaa baba, na wifi yake aliyapata kwa kuolewa tu. Bwana Taratibu alipoulizwa kama ni kweli, alisema babu alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mnazi, lakini huenda aliangukia nyongo. Bi Shazia hakubisha. Alimtazama wifi yake akichagua karoti kwenye mkokoteni kwa madaha ya mtu mwenye hati miliki, akasema moyoni acha ale.

Mambo yangeishia hapo, kama wifi asingekuwa msusi. Mmoja wa wateja wake alikuwa mpishi wa nyumbani kwa Mwenyekiti. Akiwa ameshikwa kichwa, alisimuliwa habari za maradhi mapya, jinsi yalivyoanza kwa mtu mmoja na sasa yamelala nyumba kwa nyumba, na jinsi yeye msusi mwenyewe anavyojitahidi kusuka akiwa mahututi. Mpishi alirudi kilimani na nywele nzuri na habari mbaya. Mwenyekiti alipozisikia, alikumbuka mikono aliyoishika na bega aliloligusa, akaanza kujipima joto.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata kamati ilikuja bila katoni. Mwenyekiti alikuwa na leso puani, na kando yake alikuja daktari kijana wa zahanati, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Watu waliitwa uani. Daktari aliomba wenye nyongo kavu wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, yote, hata ya watoto, hata ya mwenye duka ambaye alisimama pembeni na sasa alihofia kuachwa. Bwana Taratibu peke yake alikuwa na mikono chini, watu wakamshangaa.

Daktari aliwauliza dalili, wakamwambia. Akawapima macho, ndimi na mapigo, mmoja baada ya mwingine, akiandika kitu na kukifuta. Mwishowe aliuliza nani aliyeambiwa kwanza, na aliambiwa na daktari gani. Uani wote ukageuka kumtazama Bi Shazia.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Alijua uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, angeweza kutaja daktari aliyehamia mbali au aliyefariki. Lakini aliona dobi amembeba mtoto wake kwa wasiwasi, amemkodolea daktari macho akingoja kuambiwa kama ataishi. Hakuwa amefikiria kwamba kuna mtu aliyekuwa akiogopa. Yeye alidhani wote wanacheka ndani kwa ndani kama yeye.

"Hakuna daktari," alisema. "Na hakuna nyongo kavu. Nimeizua mimi."

Mwenyekiti aliondoa leso puani. Sauti yake ilipoteza pamba yote. Aliuliza inawezekanaje mtu awadanganye watu waliomjia kwa moyo mweupe.

Bi Shazia alijibu akiwa ametazama chini, bila ule mzaha wake. "Mama, siku ile ulipoliokota parachichi langu, nilikwambia kweli, nimenunua mwenyewe. Ukasema fungu langu apewe mwingine. Nilipokudanganya, ukanipa pole na fungu la pili. Mimi napenda kula vizuri tu. Sikujua pa kulisema hilo."

Hapo wengi walitegemea mtaa ungemrukia. Haikuwa hivyo. Fundi viatu alisimama akajikohoza. Alimwambia daktari kwamba Bi Shazia amesema habari zake mwenyewe, na ni haki yake. Yeye kama amedanganya, amedanganya juu ya nyongo yake tu. Nyongo ya fundi viatu ni kavu kweli. Akakaa. Mwenye duka akasema hata yeye. Sauti zikapanda kutoka kila baraza, kila mtu akitetea ugonjwa wake, na juu ya zote ikasikika ya wifi, ambaye alitaka ieleweke kwamba maradhi ya ukoo wao hayawezi kufutwa na mtu aliyekuja kwa kuolewa.

Daktari alikuwa na uso wa mtu anayejaribu kutocheka kazini. Alimtuliza dobi kwanza, akamwambia yeye na mtoto hawana baya, anachohitaji ni kupumzika na kula. Kisha akawaambia wote kwamba ugonjwa huo yeye hakuusoma popote, na dawa yake hawezi kuikataza. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kurudi garini. Daktari alimfuata, akafika mlangoni, akageuka akamwuliza Bwana Taratibu kwa sauti ya chini zile karoti anashusha saa ngapi.

Kamati haikurudi tena. Walisema mtaa ule hauna shukrani, wakapeleka chati na katoni kwa watu wengine. Mwanzoni waliudhika baadhi ya majirani, maana sukari ni sukari na sabuni ni sabuni, na wengine walimpita Bi Shazia wakiwa wamegeuza nyuso. Yeye alilistahili hilo na alilijua. Kilichomuuma zaidi ni dobi, aliyekuwa haongei naye kabisa. Alivumilia siku kadhaa, kisha akaenda chumba cha mwisho na bakuli la maharage, akasimama mlangoni akaomba msamaha kwa hofu aliyomtia.

Dobi hakumkaribisha upesi. Alimaliza kukamua shuka, akaitundika, akapangusa mikono.

"Sukari nimeikosa," alisema. "Lakini uliponiambia mimi ni mgonjwa, mume wangu aliniachia kipande kikubwa. Ni mara ya kwanza. Tena mpaka leo sijamwambia kuwa nimepona, na wewe usimwambie."

Bi Shazia akaapa. Wakala yale maharage wawili, kwenye hatua ya mlango, kabla mwanamume hajarudi.

Mkokoteni haukuacha kushuka. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea, na ulimi uliozoea ladha ni mgumu kuurudisha kwenye unga wa supu. Ila walinunua kwa haya, wakifunika, wakisema ni kwa ajili ya mgonjwa, ijapokuwa kila mmoja alijua kwamba hapakuwa na mgonjwa. Fundi viatu aliendelea kukunja uso kila alipomenya ndizi.

Aliyeumaliza mchezo huo alikuwa wifi, na hakukusudia. Siku moja hakuwa na mteja, akamwambia Bi Shazia wapande pamoja sokoni, kwa kuwa kaka yake huwa anachagua samaki kama anayemchagulia adui. Njia nzima aligombana na kilima. Sokoni aligombana na kila mchuuzi, akafunua mashavu ya kila samaki, akanusa, akatukana, akarudi kwa yule wa kwanza. Bi Shazia alikaa pembeni akamwangalia kwa heshima ambayo hakuwahi kuwa nayo kwake tangu aolewe. Samaki waliyempata alikuwa mrefu, mkia ukabaki nje ya mfuko. Bi Shazia, kwa mazoea, alivua mtandio ili aufunike. Wifi akamsukuma mkono, akasema mtandio utanuka.

Wakashuka hivyohivyo, mkia ukipunga. Walipofika kona, kundi la vijana na wazee waliokaa mbele ya duka liliwatazama, na mwenye duka akauliza, kwa ile sauti ya watu wanaojua jibu, mgonjwa leo ni nani.

Wifi alisimama. Bi Shazia alimwona akifungua kinywa, akangoja kusikia habari za babu.

"Hakuna mgonjwa," wifi alisema. "Tuna njaa."

Akaendelea kutembea. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliuliza samaki kama huyo sokoni wamebaki wangapi. Walipofika uani walikuwa wameshaanza kugombana juu ya kichwa. Wifi alisema kichwa ni cha dada wa mume, ndivyo ilivyo tangu dunia iumbwe. Bi Shazia alimwambia dunia hiyo haikuchangia bei ya samaki. Bwana Taratibu aliwasikiliza kwa muda, akachukua kisu, akakipasua kichwa katikati, macho mawili kila mtu lake, kisha akajikatia kipande cha tumbo akaenda kukila nje.